Nyumba za Ibrahimu

Mtoto wa Kisaka, huku Serengeti, hahitaji kufundishwa ukoo ni nini. Mkute njiani anaswaga ndama, muulize yeye ni wa nani: ataanza na baba, atapanda kwa babu, kisha atakutajia nyumba. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu ndani ya boma moja, na mtoto akisema tu kwamba yeye ni wa mzee fulani amesema nusu. Nyumba ndiyo inayoamua atakula kwa nani jioni, ng'ombe wa mahari ya dada yake watamwoza kaka yupi, na mzee akishazikwa, kipande gani cha shamba kitakuwa chake.

Kwa hiyo ninapowafundisha watoto habari za Ibrahimu siendi moja kwa moja kwenye wito na agano. Naanza na boma lake. Nawaambia alikuwa mtu wa mifugo: kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Alitoka Uru ya Wakaldayo pamoja na baba yake, wakakaa Harrani, na akiwa na miaka 75 akahama tena, yeye na mkewe na Lutu mwana wa ndugu yake, kwenda nchi asiyoijua kwa sababu Mungu alimwambia nenda. Nawaambia wachungaji wake waligombana na wachungaji wa Lutu juu ya malisho, na yeye aliyekuwa mkubwa akamwachia kijana achague kwanza upande anaoutaka. Hapo darasa huwa linanyamaza. Watoto hawa wamekulia mahali ambapo mpaka wa malisho unaweza kuua mtu, na hawajazoea kusikia mkubwa akimwambia mdogo chagua.

Nawaambia pia siku aliyokaa mlangoni pa hema yake huko Mamre, jua la mchana likiwaka, akaona wageni watatu. Hakuwauliza wametoka wapi. Alikimbia kuwalaki, akaagiza maji ya kunawa miguu, akamwambia Sara aukande unga upesi, akaenda mwenyewe zizini kuchagua ndama laini, akawaandalia na siagi na maziwa, kisha akasimama chini ya mti wao wakila. Mzee wa miaka 99 anakimbia, anahudumia, anasimama. Watoto hutaka nirudie sehemu ya ndama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilizaliwa ng'ambo ya Mto Mara, Tarime, kwa Wakurya, nikaolewa huku Serengeti kwa Wangoreme, na Kisaka ndiko nilikozeeka. Hadithi ya Ibrahimu nilifundishwa na Wamenoniti, kanisa lililoingia Mara kupitia Shirati mwaka 1934, na nilifundishwa vizuri. Lakini nilifundishwa nyumba moja tu, ya Sara. Nyumba nyingine ziliachwa pembeni kana kwamba ni aibu ya mzee ambayo watoto hawapaswi kuisikia. Ninachotaka kusema ni kwamba huwezi kumweleza mtoto kwa nini Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanamwita mtu huyu baba, ukiwa umemficha Hajiri.

Nitaeleza kwa nini jambo hili linanigusa.

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Kwa Wakurya hilo halishangazi mtu; linaitwa nyumba ntobhu. Mama mzee ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, au hakuzaa kabisa, anatoa ng'ombe, pengine wale wa mahari ya binti yake, pengine aliojitafutia mwenyewe, anaiolea nyumba yake mkamwana. Mkamwana anazaa na mwanamume aliyekubaliwa, ila watoto si wa mwanamume huyo. Ni wa nyumba ile. Wanaitwa kwa jina la mume wa yule mama mzee hata kama alikufa zamani, na shamba lake wanarithi wao.

Ndivyo nilivyopatikana. Mwanamume aliyenizaa nilimfahamu kwa sura. Tulikuwa tukikutana naye mnadani, akinisalimia kama anavyosalimia watoto wengine, akipita. Nikiulizwa mimi ni wa nani namtaja mzee aliyekufa kabla mama hajafika bomani, na sijawahi kuona nimesema uongo. Bibi aliyetoa ng'ombe alinipenda sana. Siku ikichinjwa mbuzi, kipande cha ini alinikatia mimi kabla ya watu wote, akanitazama nikila mpaka nimalize.

Mama hakupata ini. Alichota maji, alilima, alilala kijumba kilichokuwa karibu na zizi, na wakikosana na Bibi neno la mwisho lilikuwa moja kila mara: ng'ombe wangu. Ipo siku alifunga kanga zake akarudi kwao. Wakamrudisha. Wale ng'ombe walishamwoza kaka yake, na kaka alishapata watoto. Hapakuwa na namna ya kuwarudisha ng'ombe, basi akarudi yeye. Alirudi na ujauzito wa mdogo wangu.

Msichana aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo akifungua Mwanzo sura ya 16 haoni jambo geni. Sara hana mtoto. Ana kijakazi kutoka Misri, jina lake Hajiri. Anamwambia mumewe amwingilie kijakazi ili yeye Sara apate watoto kwa huyo. Hakuna mahali tunapoambiwa Hajiri aliulizwa. Anapata mimba, anaanza kumdharau bibi yake, Sara anamtesa, anakimbia jangwani. Malaika anamkuta kwenye chemchemi ya maji, anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, kisha anamwambia rudi.

Kwa neno hilo la rudi nilimkasirikia Mungu muda mrefu. Sisemi Hajiri na mama yangu ni kitu kimoja. Mama alitolewa mahari mbele ya watu, alikuwa na nyumba inayojulikana, na alipozeeka yeye ndiye aliyeamrisha boma. Hajiri alikuwa mtumwa, na mtoto lazima aambiwe hivyo bila kuzungushwa. Wala siitetei nyumba ntobhu yote. Imewapa wajane wengi mtu wa kuwashika mkono, na imechukua wasichana wadogo mno ambao hawakujua wanapelekwa kufanya nini. Nasema tu kwamba watoto wa Mara wanaweza kuielewa sura hii vizuri kuliko watu wengi waliosomea dini vyuoni, na sisi walimu wao tunairuka.

Na tunaporuka tunapoteza jambo ambalo halimo mahali pengine. Kwenye ile chemchemi Hajiri anampa Mungu jina. Ni mtu wa kwanza katika Biblia yote kufanya hivyo. Hakuwa Nuhu, wala Ibrahimu. Alikuwa mwanamke wa kigeni, mtumwa, mjamzito, aliyetoroka. Anamwita Mungu kuwa ndiye anayemwona, na kisima kinabaki na jina hilo. Tena anaahidiwa uzao usiohesabika, ahadi ileile aliyopewa Ibrahimu, na anaahidiwa yeye mwenyewe, mdomo kwa sikio.

Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Hajiri alipomzaa Ishmaeli. Alikuwa na 100 Sara alipomzaa Isaka. Kwa miaka ile yote ya katikati Ishmaeli alikuwa mtoto pekee wa mzee, na ukimweleza mtoto jambo hili kwa hesabu ya vidole analiona mara moja: kijana mkubwa kabisa, anayejua kuchunga, anayejua visima vya baba yake. Kisha Isaka anaachishwa ziwa, karamu inafanywa, Sara anamwona Ishmaeli akicheza, anasema mtoto wa mjakazi hatarithi pamoja na mwanangu. Ibrahimu anaumia sana kwa ajili ya mwanawe. Mungu anamwambia amsikilize Sara, na kwamba Ishmaeli naye atafanywa kuwa taifa. Asubuhi na mapema mzee anachukua mkate na kiriba cha maji, anamtwika Hajiri begani, anawaachilia. Maji yanaisha. Hajiri anamlaza mtoto chini ya kijiti, anakwenda kukaa mbali kiasi cha mshale unaporushwa, ili asimwone akifa, analia. Mungu anasikia sauti ya kijana. Hajiri anafumbuliwa macho, anaona kisima.

Waislamu wanaisimulia safari hiyo kwa njia nyingine. Kwao Ibrahimu mwenyewe ndiye aliyemsindikiza Hajiri, wao humwita Hajari, na mtoto mchanga Ishmaeli, kwao Ismaili, hadi bonde kavu la Makka, kwa amri ya Mungu. Alipogeuka kuondoka, Hajari alimfuata akimuuliza kama ni Mungu aliyemwamuru. Alipojibiwa ndiyo, akasema basi hatatupoteza, akarudi kukaa. Kurani katika sura inayoitwa Ibrahim inamtaja mzee akiomba kwa ajili ya kizazi chake alichokiacha katika bonde lisilo na mimea. Maji yalipoisha Hajari alikimbia kati ya vilima viwili, Safa na Marwa, mara 7, akitafuta mtu au maji, mpaka Zamzam ikabubujika. Baadaye baba na mwana wakainua pamoja kuta za Kaaba. Kila anayehiji leo, awe mfalme au mchuuzi wa Kariakoo, lazima atembee njia ya mama huyo, karibu mita 450 kwenda na vivyo hivyo kurudi, mpaka mara 7 zitimie. Nilipoelezwa hivyo kwa mara ya kwanza, na mama mwenye duka la sukari na vitenge hapa senta, nilikaa chini. Mamilioni ya wanaume wanafuata nyayo za mjakazi aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji.

Wayahudi nao hawamruki. Siku ya kwanza ya mwaka wao mpya, Rosh Hashanah, somo la Torati linalosomwa katika sinagogi ni hilo la Mwanzo 21: kuzaliwa kwa Isaka, na papo hapo kufukuzwa kwa Hajiri na kilio chini ya kijiti. Siku ya pili ndiyo wanasoma habari za Isaka kufungwa juu ya kuni. Wangeweza kuchagua kuanza mwaka na mambo mazuri ya nyumba yao wenyewe. Walichagua kusikia kilio cha mtoto wa nyumba nyingine.

Sisi Wakristo ndio tuliobaki nyuma. Wakatoliki husoma habari zake katikati ya juma, watu wakiwa shambani, si Jumapili. Paulo katika barua kwa Wagalatia alimtumia Hajiri kama mfano wa utumwa, na wahubiri wengi wameishia kwenye mfano huo bila kurudi kwa mwanamke mwenyewe. Nampenda Paulo, na hasa nampenda anaposema kwamba wenye imani ndio watoto wa Ibrahimu, kwa sababu kwa maneno hayo ndipo mtu wa Kisaka, asiye na tone la damu ya Kiebrania, anaingia bomani. Lakini mtoto akisikia mfano tu hatamwona mama mwenye kiriba.

Katika shule za msingi kuna kipindi cha dini. Watoto hugawanyika: Wakristo hubaki darasani nami, Waislamu, ambao kwetu ni wachache, hukaa chini ya mwembe na mwalimu wao. Kuna mwaka ambao juma la kuelekea Idd el-Hajj mimi na mwalimu wao, ustadhi, sote wawili tulifundisha habari za Ibrahimu kuambiwa amtoe mwanawe kafara, bila kuambizana. Kipindi kilipoisha nikasikia makelele uwanjani. Isaka! Ismaili! Wavulana wawili wa darasa la nne walikuwa wameshikana mashati, na kila mmoja alikuwa na wapambe.

Nilimwita yule ustadhi, kijana mpole, tukawakalisha wote chini ya mwembe. Hatukuamua kesi. Tuliwataka wale wawili wasimulie, mmoja mmoja, kila mmoja asikatizwe. Wa kwetu alisimulia safari ya siku tatu kwenda Moria, kuni begani kwa kijana, na swali lile alilomuuliza baba yake kwamba kondoo yuko wapi. Wa kwao alisimulia ndoto ya baba, baba akimuuliza mwanawe anaonaje, na mwana akijibu afanye alivyoamriwa. Wote wawili walifika mahali kisu kinapozuiwa, na wote wawili walimleta mnyama badala ya mtoto. Kisha ustadhi akasema jambo ambalo mimi sikulijua: Kurani, katika sura ya 37, inamtaja mwana bila kumtaja jina. Waislamu wengi wanaamini ni Ismaili, na wana sababu zao. Lakini zamani wanazuoni walitofautiana, na at-Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, aliona kuwa ni Isaka. Mwanzo 22 kwa upande wake inamtaja Isaka wazi, na mimi naishika ilivyo. Nilimwambia yule mvulana wetu aendelee kusema Isaka. Nilimkataza tu kumshika mwenzake shati kwa sababu hiyo.

Siku hiyohiyo tuligundua kwamba watoto wa ustadhi walijua hadithi ambayo watoto wetu hawakuijua kabisa: kijana Ibrahimu akivunja sanamu za baba yake na kuliacha lile kubwa, kisha akiulizwa na watu wake akawaambia ni hilo kubwa lililofanya, waziulize sanamu kama zinaweza kusema, na moto waliomtupa ndani yake ukawa baridi. Katika Biblia haimo. Lakini Wayahudi wanayo inayofanana nayo sana katika mapokeo ya marabi wao, na watoto wao huisikia tangu wadogo. Ipo pia ile ya Ibrahimu akitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, akikataa kuviabudu kwa sababu vyote vinazama. Ile niliwasimulia mwenyewe, kwa ruhusa ya ustadhi, kwani wazee wetu wa Kikurya waliomba asubuhi wakilielekea jua linapochomoza, na kuna watoto darasani wanaoitwa Rioba kwa ajili ya jua hilo. Nilitaka wajue kwamba Ibrahimu naye alilitazama, akalistaajabia kabla ya kupita mbele.

Sehemu ya kisu ndiyo ngumu kuliko zote, na sikubaliani na wanaosema ifutwe katika masomo ya watoto. Huku watoto wanajua visu. Kwetu tohara ya wavulana ni jambo la kila ukoo, na wakisoma Mwanzo 17 wanafurahi: Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99, Ishmaeli akiwa na 13, na wanaume wote wa boma siku moja. Wanaona ni mtu wa kwetu. Lakini katika koo za Kikurya wasichana nao wamekuwa wakipelekwa kwa ngariba, hasa Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na wapo wazee wa mila wanaowaambia kwamba haya yote yametoka kwa Ibrahimu.

Msichana mmoja alibaki baada ya somo akaniuliza, "Mwalimu, Ibrahimu alipotahiri watu wake, Sara naye alipelekwa?"

Nilimwambia hapana. Nilimfungulia Biblia, akasoma mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari: kila mwanamume, mzaliwa wa nyumbani na aliyenunuliwa kwa fedha. Sara hakupelekwa. Hajiri hakupelekwa. Agano la sura ile lilimpa Sara jina jipya na ahadi ya mtoto, na halikudai kiungo chake chochote. Ustadhi nilipomuuliza baadaye alinihakikishia kwamba katika Kurani hakuna aya inayoagiza wasichana wakeketwe. Sheria ya nchi nayo imekataza jambo hilo kwa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, na ipo nyumba salama Mugumu na nyingine Masanga, Tarime, ambako wasichana hukimbilia msimu ukifika. Yule msichana alifunga Biblia akaniuliza nauli ya Mugumu ni kiasi gani. Nikamtajia, na nikamwambia nauli ipo.

Tangu hapo nikifika Moria sisimami kwenye utii wa Ibrahimu peke yake, ingawa utii ni mkuu na sitaki kuupunguza. Nakaa zaidi kwenye sauti iliyoita jina lake mara mbili kumzuia. Dini zote tatu zinakiri kwamba Mungu alimwita Ibrahimu rafiki, na zote tatu zinakubali kwamba Mungu huyohuyo aliuzuia mkono wa mzee usimguse mtoto. Mwenye kushika kisu juu ya mtoto leo akidai anamfuata Ibrahimu, amemfuata nusu ya njia tu.

Swali linalorudi kila mwaka, na kwa kawaida linatoka kwa mtoto aliyesikiliza redio nyumbani, ni hili: kama wote ni watoto wa mzee mmoja, mbona wanauana? Wageni wanaokuja kutuhubiria umoja wa dini hudhani babu mmoja ni dawa. Mtu wa Tarime hawezi kudanganywa hivyo. Wairege, Wanchari, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, wote ni Wakurya, na wazee wakihesabu wanafika kwa babu mmoja. Na tumechomeana nyumba, tumeibiana ng'ombe, tumerushiana mishale mchana kweupe, mpaka serikali ikaunda kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Nilipokuwa msichana nilijua kelele za vita kabla sijajua kusoma. Watu wasio na babu mmoja hugombana wakikutana. Watu wa babu mmoja wana urithi wa kugombea kila siku.

Babu huyu naye urithi wake unagombewa hadi kaburini. Sara alipokufa na miaka 127, Ibrahimu alinunua pango la Makpela huko Hebroni kutoka kwa Efroni Mhiti, kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi. Ndicho kipande pekee cha ile nchi ya ahadi tunachoelezwa alikinunua awe nacho, na ni cha kuzikia. Wayahudi na Waislamu wote wanaliheshimu pango hilo. Mwaka 1929 Wayahudi 67 waliuawa katika mji huo. Tarehe 25 Februari 1994, mwezi wa Ramadhani, alfajiri, Myahudi mmoja aliingia msikitini pale juu ya pango akaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali. Baada ya hapo jengo liligawanywa: upande mmoja msikiti, upande mwingine sinagogi, askari mlangoni, na kila upande umepewa siku 10 kwa mwaka za kulitumia jengo zima peke yake.

Hayo nawaambia wakubwa wa darasa la sita na la saba, si wadogo. Kisha nawasomesha Mwanzo 25, mstari wa 9, ambao sijawahi kumsikia mhubiri akiutaja mimbarini. Ibrahimu alikufa na miaka 175, na waliomzika katika pango lile ni Isaka na Ishmaeli, wanawe. Wote wawili wametajwa. Yule aliyeondoshwa na kiriba cha maji alirudi kumzika baba yake, na yule ambaye kwa ajili yake ndugu yake aliondoshwa hakumfungia mlango. Biblia haielezi walisemezana nini wakibeba. Mtoto yeyote wa boma lenye nyumba mbili anajua kwamba hapo palikuwa na maneno mengi, au hapakuwa na hata moja, na kwamba kushika jeneza pamoja ni kazi ngumu kuliko kusamehe kwa mdomo. Mama yangu alipomzika Bibi, yeye ndiye aliyemwosha, akakataa kusaidiwa.

Ndiyo sababu namkazania Hajiri. Anayemjua Ibrahimu kwa nyumba yake tu atajua kwamba ana babu mkubwa, na atajua kupigana kwa ajili yake. Anayejua kilio cha nyumba ya pili, na kwamba Mungu alikisikia kabla hata mzee hajakisikia, atapata taabu kidogo kumchukia mtoto wa pale. Sisemi hatamchukia. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba atapata taabu kidogo tu, na kwamba mara nyingine taabu hiyo ndogo inatosha kuchelewesha mkono.

Watoto huuliza pia kama Wayahudi wenyewe wapo, au ni watu wa Biblia tu. Nawaambia hawako mbali. Ukivuka ziwa kwenda Uganda, karibu na Mbale, wapo Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa mtu wa vita na mtawala aliyetumwa na Waingereza. Aliisoma Biblia, akafika kwenye agano la Ibrahimu, akaamua mwaka 1919 kutahiriwa yeye na wanawe. Hawana damu ya Isaka. Wayahudi wana utaratibu kwa mtu anayeingia katika dini yao: anaitwa mwana wa Ibrahimu, anapewa baba huyo awe baba yake wa kitabuni. Nilipolisikia hilo nililielewa bila kuelezwa zaidi, mimi ninayeitwa kwa jina la mzee ambaye hakuniona.

Na kuna nyumba ya tatu. Hii watoto hawaitegemei kabisa, na hunishangilia ninapoitaja. Sara alipokwisha kufa, Ibrahimu alioa tena, mke jina lake Ketura, akamzalia wana sita. Tuliyaandika majina yao ubaoni: Zimrani, Yokshani, Medani, Midiani, Ishbaki, Shua. Mzee aliwapa zawadi akiwa hai, akawaelekeza mashariki mbali na Isaka, na kitabu kikawaacha huko. Mvulana mmoja hakuridhika. Alitaka kujua walipata ng'ombe wangapi na waliishia wapi. Ng'ombe hawakuandikwa. Walikoishia, nikamwambia fungua Kutoka sura ya 2. Musa, wa uzao wa Isaka, amemuua mtu Misri, anamkimbia Farao, hana kitu, amekaa kando ya kisima katika nchi ya Midiani. Watu wa huko ndio waliomwita ndani akale, wakampa kazi ya kuchunga, wakamwoza binti yao Sipora.